Nyumba Pana, Kipando Kizuri na Jirani Mwema: Tusichague Makazi kwa Bei ya Kiwanja Peke Yake

Kila sifa njema inamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, Aliyeyajaalia majumba yetu kuwa mahali pa utulivu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, yapo maamuzi ambayo mtu huyapitisha mara chache katika umri wake, lakini athari zake humfuata kila siku. Kuoa ni mojawapo, na kuchagua mahali pa kuishi ni jingine. Katika la kwanza tumefundishwa kutanguliza dini, kuswali Istikhara na kutaka ushauri. Katika la pili, wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam tunauliza swali moja tu: kiwanja ni bei gani? Au, kwa anayepanga: chumba ni kiasi gani kwa mwezi? Jibu likiwa dogo, tunamshukuru dalali na kuhamisha vyombo. Masuala mengine tunayagundua baadaye, tukiwa tumesimama kituoni gizani.

Katika makala haya tunataka kusema jambo moja: umbali baina ya nyumba na mahali pa kazi ni jambo linaloihusu dini ya mtu. Unaigusa swala yake, malezi ya watoto wake, elimu yake na haki za jirani zake. Kwa hiyo haufai kuachwa uwe wa mwisho katika hesabu.

MJI UNAOKIMBIA

Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na watu 4,364,541. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Yaani katika miaka 10 mkoa umeongezewa watu zaidi ya milioni moja, na wengi wao hawakupata nafasi Kariakoo, Ilala wala Magomeni. Mji umetanuka kufuata barabara zake kuu: Barabara ya Kilwa hadi Mbagala na kupindukia, Barabara ya Bagamoyo hadi Bunju, Barabara ya Morogoro hadi Kibaha iliyo takriban kilomita 40 kutoka katikati ya mji, na njia ya Pugu hadi Chanika.

Lakini kazi hazikuhama kwa kasi hiyo. Soko kubwa lingali Kariakoo. Bandari ipo pale pale. Ofisi nyingi zimo Posta, Upanga na kandokando yake. Matokeo yake ni kuwa kila asubuhi umati mkubwa humiminika upande mmoja, na kila jioni umati ule ule hurudi ulikotoka.

Hatukanushi juhudi zilizofanyika. Mwaka 2016 lilifunguliwa Daraja la Kigamboni, na mwaka huo huo yakaanza mabasi ya mwendokasi katika njia ya Kimara yenye urefu wa takriban kilomita 21. Barabara ya juu ya Tazara ilifunguliwa mwaka 2018, na ile ya Ubungo mwaka 2021. Haya ni mambo ya kushukuriwa. Hata hivyo kuna jambo la kuzingatia: njia inapofunguka, viwanja vya mbele zaidi huanza kuuzwa, na watu hujenga huko kwa kutegemea wepesi wa njia. Baada ya miaka michache njia hujaa tena. Kwa hivyo anayechagua makazi kwa kutegemea barabara ambayo bado haijajengwa, au iliyojengwa jana, aelewe kuwa hayuko peke yake katika tegemeo hilo.

HESABU YA SAA

Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) Hadithi ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) ametaja neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo: afya na wasaa. Tuitazame neema hii ya pili kwa tarakimu.

Tumchukulie Mwislamu anayeuza nguo Kariakoo na kuishi Chanika. Tuseme anatumia saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, kwa siku 6 za wiki. Hizo ni saa 24. Maana yake kila wiki hutoa usiku mmoja na mchana mmoja kamili akiwa njiani. Kwa wiki 48 za mwaka zinakuwa saa 1,152, sawa na siku 48 nzima, usiku na mchana. Kwa miaka 10 ni siku 480, yaani mwaka mmoja na zaidi ya robo yake. Mtu huyu ataulizwa kuhusu umri wake aliutumia katika nini, kama ilivyokuja katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Abu Barza (r.a.). Atajibu kuwa mwaka na robo aliutumia akiwa amening'inia mlangoni mwa daladala?

Atasema: lakini nimeokoa kodi. Basi na hilo tulihesabu, kwa mfano tu, na kila mmoja aweke tarakimu zake. Tuseme chumba cha karibu ni shilingi 130,000 kwa mwezi na cha mbali ni shilingi 60,000. Ameokoa 70,000. Sasa tuseme kutoka mbali anatumia bodaboda na magari mawili, jumla shilingi 4,000 kwa siku, ambapo kutoka karibu angetumia 1,200. Tofauti ni 2,800. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 72,800. Alichokiokoa mkono wa kulia kimetoka mkono wa kushoto, na juu yake kimeongezeka kile ambacho hakina bei: saa 4 za kila siku.

SWALA ILIYOMO NJIANI

Wakazi wa Dar es Salaam tuko karibu na mstari wa ikweta, na nyakati zetu za swala hazibadiliki sana kwa mwaka mzima. Jua huzama baina ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 50 jioni, na Isha huingia baada ya muda wa saa moja na dakika chache. Basi mwenye kutoka kazini saa 11 na nusu jioni, ikiwa safari yake ni ya saa 2 au zaidi, wakati wote wa Magharibi, au sehemu yake kubwa, unamkuta ndani ya gari. Hili halimtokei kwa bahati mbaya siku ya mvua. Linamtokea kila siku, kwa sababu nyumba yake iko pale na kazi yake iko pale.

Wapo wanaojiliwaza kwa ruhusa ya kuunganisha swala. Ni kweli kuwa Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahi kuunganisha akiwa Madina bila ya khofu wala mvua, ili asiutie umma wake katika uzito. Lakini wale wanazuoni walioitumia ruhusa hiyo kwa mkaazi, kama alivyowataja Imamu Nawawi katika sharhe yake ya Sahihi Muslim, wameifungamanisha na haja, na wakashurutisha kuwa mtu asiifanye ada. Foleni ya Barabara ya Mandela imekwisha kuwa ada. Je, inafaa tupange maisha yetu ya miaka 20 juu ya ruhusa iliyowekwa kwa dharura? Mwenye hali ya pekee amwendee mwanachuoni anayemwamini, amweleze hali yake na apate jibu lake. Sisi tunazungumza na yule ambaye bado hajahama, ambaye mlango wa kuchagua uko wazi mbele yake.

Na Alfajiri ni hivyo hivyo. Anayetakiwa kuwa kituoni saa 11 alfajiri huenda akaondoka kabla ya adhana katika baadhi ya miezi, na kuupitisha msikiti wa mtaani kwake ukiwa umefungwa. Ndiyo maana misikiti ya katikati ya mji hufurika Adhuhuri na kubakiwa na safu chache Alfajiri, ilhali misikiti ya pembezoni huonekana imepwaya Magharibi na kujaa siku ya Jumapili. Muda baina ya Magharibi na Isha, ambao ndio uliokuwa wakati wa darsa katika miji yetu ya pwani tangu zamani, leo wanaume wenye umri wa kufanya kazi wanaupitisha barabarani. Mwalimu anaketi na kitabu chake, na mbele yake wapo wazee na watoto. Kundi la kati halipo.

WATOTO WANAOMJUA BABA KWA SAUTI YA MLANGO

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tuwaamrishe watoto wetu kuswali wanapofikia miaka 7, kama alivyopokea Abu Dawud. Amri hii inamtaka mzazi awepo. Mtoto wa miaka 7 hafundishwi swala kwa simu. Anafundishwa kwa kumwona baba yake akitawadha, akimfuata nyuma msikitini, akisahihishwa rukuu na sijida yake. Baba anayeondoka mtoto akiwa amelala na kurudi mtoto akiwa amelala, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, ataitekeleza saa ngapi?

Sisi walimu wa madrasa tunaiona tofauti hii wazi. Mtoto ambaye nyumbani yupo mtu wa kumsikiliza dakika 10 za muraja'a kila siku, husonga mbele. Mtoto mwenye akili ile ile, asiye na wa kumsikiliza, hufika kesho akiwa amesahau ya jana, na mwalimu mmoja mwenye watoto 60 hawezi kuziba pengo hilo. Mzazi hulipa ada, hununua juzuu, hushona kanzu, kisha akalalamika kuwa mtoto hasomi. Kilichokosekana ni yeye mwenyewe.

Na tusiwasahau mama zetu na dada zetu. Wako wengi wanaofanya biashara mjini, nao hutembea njia za giza alfajiri na usiku kutafuta usafiri. Uamuzi wa kuhamia mbali hupitishwa mara nyingi na mume peke yake, kisha mzigo wake ukabebwa na wawili. Ushauri baina ya mume na mke katika jambo hili ni sehemu ya kuishi kwa wema.

SHUBHA MBILI

Wa kwanza atasema: je, si Mtume (s.a.w.) aliwazuia Bani Salima walipotaka kuhamia karibu na msikiti, akawahimiza wabaki katika majumba yao kwa kuwa nyayo zao zinaandikwa? Tunasema: Hadithi hiyo ni sahihi, na tunaiamini. Lakini tuitazame safari yao ilikuwa ya kwenda wapi. Ilikuwa ya kwenda msikitini. Umbali wao uliwaongezea hatua za kuiendea swala, na katika riwaya ya Anas (r.a.) kwa Bukhari imetajwa kuwa Mtume (s.a.w.) hakupenda viunga vya Madina viachwe vitupu. Umbali wetu huu tunaouzungumzia unatutoa katika jamaa. Asiyekutana na swala ya jamaa kwa sababu ya safari yake, vipi atajilinganisha na aliyesafiri kwa ajili ya swala ya jamaa?

Safari kwa asili yake si jambo la kutafutwa. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) aliieleza safari kuwa ni kipande cha adhabu, kwa vile inamzuilia mtu usingizi wake, chakula chake na kinywaji chake, kisha akamwelekeza aliyemaliza haja yake aharakishe kurejea kwa watu wake. Sisi tumeifanya kuwa ya kila siku.

Wa pili atasema: nyumba yangu mwenyewe, hata ikiwa porini, ni bora kuliko kupanga. Tunaielewa hoja hii na hatuidharau. Kodi hupanda, wenye nyumba hudai miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo, na mtu hutaka kuwaachia wanawe paa. Hatumwambii auze kiwanja chake. Tunamwambia atenganishe mambo mawili: kumiliki na kuhamia. Inajuzu mtu amiliki kiwanja mbali, akajenga taratibu, naye akaendelea kupanga karibu na kazi yake katika miaka ile ambayo watoto wake ni wadogo na wanamhitaji zaidi. Nyumba itamsubiri. Utoto haumsubiri.

Wala hatusemi kila karibu ni kwema. Mwenye kuishi bondeni kwa sababu ni jirani na mjini, naye anajua maji yanapita hapo, anaihatarisha nafsi aliyopewa kuwa amana. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 Serikali iliwapatia viwanja Mabwepande waathirika wa bonde la Msimbazi. Ardhi ile ilikuwa na salama ya maji, lakini iko mbali na soko na vibarua vya mjini. Hapo tunaona ugumu wa jambo lenyewe: mtu anahitaji salama na riziki kwa pamoja, na anayepanga makazi, awe ni mkuu wa familia au mkuu wa mji, hana budi kuvitazama vyote viwili. Kadhalika asitokee mtu akaikimbia foleni kwa kuingia katika mkopo wa riba ili apate nyumba ya karibu. Huko ni kutoka katika taabu ya mwili na kuingia katika vita ambavyo hakuna awezaye kuvishinda.

MAMBO MANNE KWA PAMOJA

Ibn Hibban amepokea kutoka kwa Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) Hadithi ambayo Mtume (s.a.w.) ametaja mambo manne kuwa ni katika furaha ya mtu: mke mwema, makazi yenye wasaa, jirani mwema na kipando kizuri. Ndugu zetu, mazingatio yaliyoje! Nyumba na kipando vimetajwa mahali pamoja, na baina yao akatajwa jirani. Sisi tumechukua wasaa wa nyumba, vyumba vitatu na uwanja wa mbele, tukaacha vilivyobaki. Tumepata nyumba kubwa ambayo tunaifikia kwa kipando cha mashaka, na tunaishi na majirani ambao hatuwajui majina kwa kuwa hatuonani nao mchana.

Waarabu wana msemo mashuhuri unaomtanguliza jirani kabla ya nyumba. Kuunasibisha kwa Mtume (s.a.w.) hakukuthibiti, lakini maana yake ni sahihi na maisha yanaishuhudia.

NINI KIFANYIKE

Kwa mtu mmoja mmoja tunausia haya. Kabla ya kununua au kupanga, isafiri njia hiyo kwa siku 3 za kazi, kwa saa zile zile utakazosafiri, na usiende Jumapili mchana pamoja na dalali. Hesabu Magharibi itakukuta wapi. Uliza msikiti uko wapi na kama una jamaa Alfajiri, na madrasa iko wapi. Piga hesabu ya kodi na nauli kwa pamoja. Kisha mshauri mkeo na uswali Istikhara.

Aliyekwisha jenga mbali na hana uwezo wa kurudi, asikate tamaa. Aangalie kama kazi inaweza kumfuata. Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta leo yapo masoko yanayojitegemea, na fundi au mfanyabiashara mdogo anaweza kupata riziki yake hapo, ingawa faida ikawa ndogo kidogo. Asipoweza, basi ateremke mahali penye msikiti, aswali Magharibi kwa wakati wake, kisha aendelee na safari. Atachelewa kwa dakika 20, na swala yake itasalimika.

Na kwa wakazi wa mbali tunao mfano bora. Umar bin Al-Khattab (r.a.) alikuwa akiishi na jirani yake wa Ki-Ansar katika viunga vya juu vya Madina, mbali na msikiti wa Mtume (s.a.w.). Wakawa wanapokezana: siku moja anateremka huyu, siku ya pili yule, na kila aliyeteremka humletea mwenzake khabari za Wahyi na mengineyo ya siku hiyo. Bukhari ameipokea katika Kitabu cha Elimu. Umbali haukuwa kwao udhuru wa ujinga, kwa sababu walikuwa majirani wa kweli. Nasi tunaweza kupokezana: wazazi wanne wa mtaa mmoja wagawane siku, kila jioni mmoja wao awahi kurudi na kuwasikiliza watoto wa wenzake pamoja na wake.

Kwa kamati za misikiti tuna maombi matatu. La kwanza, darsa za watu wazima katika misikiti ya pembezoni zihamishiwe baada ya Alfajiri ya Jumapili au baada ya Isha, ili kundi la kati lizipate. La pili, uanzishwe mfuko wa mkopo mwema usio na riba wa kumsaidia muumini kulipa kodi ya miezi 6 ya mwanzo, kwani wengi hawakushindwa kodi ya mwezi, bali wameshindwa mkupuo. La tatu, misikiti ya mjini yenye ardhi ya wakfu, inapojenga fremu za maduka, ijenge juu yake vyumba vya familia vya kodi ya wastani. Fremu huleta mapato. Familia huleta safu ya Alfajiri.

Na kwa warithi wa nyumba za Kariakoo, Ilala na Magomeni: mnapogawana mirathi, kila mwenye haki apewe haki yake kama alivyoigawa Allah (s.w.). Lakini kabla ya kukimbilia kuuza kwa mjenzi wa ghorofa na kutawanyika pembezoni, kaeni mshauriane kama inawezekana kuibakisha nyumba kwa shirika, au mmoja wenu kuwanunua wenzake kidogo kidogo. Nyumba iliyo hatua 50 kutoka msikitini, mkiiuza, hamtaipata tena kwa bei hiyo, wala wajukuu wenu hawataisikia adhana ile wakiwa kitandani.

Tunamuomba Allah (s.w.) Atupe makazi yenye baraka, Atuwepesishie riziki zetu ziwe karibu nasi, Abariki asubuhi zetu, na Asitujaalie kuwa miongoni mwa waliozijenga nyumba wakazikosa familia zilizomo ndani yake.

Wabillahi tawfiiq.